Siku Niliyomfanya Dani Mganga

Baadhi yenu mlikuwepo siku ile, mlibeba hadi viti, kwa hivyo heri nijitangaze mwenyewe kabla hamjanitangaza: ni mimi niliyesababisha matanga ya mtu aliye hai, na mtu huyo ni nyanya yangu, mama ya baba, ambaye sote tunamwita Dani.

Kazi yangu ni kutembeza wageni Kisumu, kuwaonyesha viboko na kuwalisha samaki (na kuwatolea miiba, maana wengi hawawezi). Nikapata mgeni anaitwa Margit, mama mpole wa makamo, aliyekuja na ngoma yake mwenyewe ndani ya begi, imechorwa tai, akaniambia kwao amesomea uganga wa mababu kwa wikendi nne (mababu wa nani, sikuuliza) na sasa anatafuta mganga halisi wa Afrika amsaidie kutoa kitu kilichomkaa kifuani. Ningesema simjui yeyote, yangeishia hapo. Lakini nilipenda alivyokuwa ananiangalia, kama mtu mwenye siri kubwa, nikajisikia nikijibu, "Nyanya yangu."

Sasa, Dani anajua majani mawili tu, ya tumbo la mtoto na ya kikohozi. Zaidi ya hapo ni kiongozi wa akina mama kanisani kule Katito, miaka na miaka, na hana mali nyingine kushinda jina lake safi. Kumwita mganga ni kumvua nguo sokoni. Nilijua hayo yote, ndiyo maana nikapanga twende Jumamosi saa nane, Dani akiwa kwenye mkutano wa akina mama, Margit achume jani, apige picha, turudi mjini kabla maombi hayajafungwa.

Tulipofika, Margit akaona kaburi la babu mbele ya nyumba, akaomba akae kando yake. Nikamwambia akae, ajisikie nyumbani (hapo ndipo nilipojimaliza). Akafumba macho, akapiga ngoma polepole, halafu akaanza kulia. Si kulia kwa kitambaa, ni nduru kabisa, ile ya kutoka tumboni, na nyinyi mnajua kwetu nduru ya mwanamke ndani ya boma la mtu mzee, tena na ngoma, ina maana moja tu.

Dakika tano haziishi, Mama Awino wa jirani akaingia mbio mikono kichwani, nyuma yake watu wa shamba na majembe yao, bodaboda wanne wanapiga honi wamefunga matawi ya msiba kwenye pikipiki, na mzee mmoja amebeba viti viwili vya plastiki, kwa sababu yeye ni mtu wa kufikiria mbele. Nikapiga kelele, "Hajafa! Dani hajafa!"

"Shikeni huyu mtoto," Mama Awino akalia, "imemwingia kwa kichwa. Pole mwanangu, wote husema hivyo."

Wakanishika kweli, wanawake wawili wenye nguvu, na kila nilipojaribu kueleza walinikumbatia zaidi.

Kumbe nduru ilifika hadi mkutanoni, na Dani, kama jirani mwema, alijifunga leso kiunoni akaja mbio na wenzake wote, akilia njia nzima, akaingia lango lake mwenyewe akiuliza, "Uwi, nani ametuacha?"

Mzee wa viti akasema taratibu, "Ni wewe, Mama."

"Mimi? Saa ngapi?"

Ingeishia kicheko, lakini Mama Awino akamwonyesha Margit kwa kidole: na huyu ni nani, na hiyo ngoma ni ya nini? Akina mama wa kanisa wote wakanigeukia. Ningeweza kudanganya tena, kwa maana mtafsiri nilikuwa mimi. Lakini Dani alikuwa bado anahema, machozi aliyomlilia mtu asiyemjua yako shavuni, nikashindwa. Nikasema, "Dani, nilimwambia wewe ni mganga."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Halafu Dani akauliza kitu ambacho mimi, siku tatu nzima na mgeni wangu, sikuwa nimeuliza.

"Analilia nini?"

Margit akasema ni mama yake. Walimzika kwa nusu saa, kesho yake akarudi kazini, na tangu hapo hakuwahi kulia mbele ya mtu.

"Nusu saa? Na watu wake walikuwa wapi?" (Hilo sikulitafsiri.) Dani akafungua leso, akaitandika chini, akakaa kando ya Margit na kumshika mkono. "Mama aliitwa nani?"

"Birgit."

"Haya," akawaambia watu, "tuko na matanga. Ni ya Birigiti. Mzee, leta hicho kiti."

Na wakaimba, jamani, wakamlilia mwanamke ambaye hawakuwahi kumwona, chai ikapikwa, nami nikaachiliwa nikachote maji.

Jumapili nilisimama mbele ya kanisa zima nikasema Dani si mganga, mwongo ni mimi, wakacheka mpaka mhubiri akaketi. Nimeapa: mgeni akiniuliza habari za mganga, namwonyesha viboko. Ngoma ya tai Margit aliiacha, na Dani anaanikia njugu juu yake.

Juzi nilimkuta anazichambua, magoti yanamsumbua, sauti imepungua, akaniambia bila kuinua kichwa, "Siku yangu ikifika ya kweli, pigia yule mtoto wa Birigiti simu. Anajua kulia."

"Nitampigia, Dani," nikasema, nikaingia jikoni haraka, kama mtu aliyeacha chai motoni.