Kiamke Kinachoitwa

Fundi wa kompyuta hupuliza vidole kabla ya kugusa kibodi, kisha huibembeleza mashine: "Shemeji, tusaidiane." Leo ameizuia kompyuta kongwe ya zahanati isiamshe viendeshi, yaani programu za kuendeshea vifaa, vyote kwa pamoja inapowashwa, bali kila kimoja kiamke kifaa chake kikichomekwa, ili iwake upesi. Mkunga hana raha. Kitandani amelala mjamzito ambaye mimba yake ya kwanza iliharibika, naye anangoja kusikia moyo wa mwanawe.

"Kiendeshi cha kipimo cha mapigo ya moyo umekizima?"

"Kimelala tu, dada. Chomeka, kitaamka chenyewe."

Mkunga anachomeka na kukiweka kipimo tumboni. Kimya. Fundi anapuliza vidole. Mara mdundo unajaa chumbani, mbiombio, kama mtoto anayekimbilia nyumbani.

"Fungueni mlango," mjamzito anasema huku akicheka na kulia, "baba yake naye asikie!"