Kura Ambayo Landilodi Hakuisikia

Kabiro, mtaa wetu wa Nairobi, tulihesabiwa kabla hatujapiga kura. Wenye ploti za vyumba vya kupanga walikuwa watu wa huku, wapangaji wengi tulikuwa wa Magharibi mwa nchi, na wazee wa baa walijumlisha milango ya kila kabila wakakwambia nani atashinda wapi. Kisumu Ndogo, kulikojaa watu wa kwetu, walisema hakuna hata haja ya kufungua masanduku. Hesabu hiyo iliniudhi sana, hasa kwa kuwa mara nyingi ilitoka sawa.

Mama alipika githeri ya mahindi na maharagwe ya kuuza mlangoni pa chumba chetu, na vibarua wa mjengo walizoea kula kwake. Tangu baba afariki, mlango huo ndio uliotulisha. Kwa hiyo uchaguzi wa pili wa vyama vingi ulipokaribia, na landilodi, mwenye ploti yetu, akaanza kupita chumba kwa chumba akisema, "Mimi siwezi kaa na maadui kwa ploti yangu," nilikosa usingizi. Mama aliendelea kuchambua maharagwe.

Shida yake ilikuwa kusoma. Asiyejua kusoma alisaidiwa: alisimama mbele ya msimamizi wa kituo, maajenti wa wagombea wakisikiliza, akamtaja mtu wake kwa sauti, naye msimamizi akamwekea alama. Na landilodi wetu alikuwa ajenti wa mgombea wa watu wa huku. Alimjua kila mpangaji wake asiyesoma, na siku hiyo alivaa suti akaketi karibu na meza asipitwe na neno.

Nilikuwa nimemfundisha mama picha za vyama vyote, na kuweka alama kwa makaa sakafuni. Sikumuuliza anamtaka nani. Ningeuliza nini? Sote tulijua.

Mbele yetu alikuwa jirani wa chumba cha mwisho, fundi wa mawe. Alimtaja mtu wa kwetu, sauti ikimtetemeka. Landilodi alitikisa kichwa polepole.

Zamu ya mama ikafika.

"Huyu hajui kusoma," landilodi akawahi kusema. "Asaidiwe."

Msimamizi akamgeukia. "Mama, unajua kusoma?"

"Leo najua."

Mtu akacheka nyuma yetu. Landilodi aliinuka akabisha kwamba ni mpangaji wake, anamjua vizuri, lakini msimamizi alishachoka na kelele. Akampa mama karatasi. Mama alikaa nyuma ya kadibodi iliyokinga meza ya kupigia kura hadi nikaogopa kwamba amesahau kila kitu. Hatimaye akatoka, akatumbukiza karatasi sandukuni, akasimama kando akikipuliza kidole chake chenye wino.

Landilodi alitufuata hadi nje. "Mama, umepigia nani?"

"Nimepiga huko ndani," mama akasema, tukaenda zetu.

Mtu wa landilodi alianguka, na landilodi hakungoja mwezi uishe. Fundi wa mawe aliambiwa ahame kwa sababu alisikika. Sisi tuliambiwa tuhame kwa sababu hatukusikika. Nilifunga mizigo kwa hasira.

"Lakini angalau tulimpigia mtu wetu," nikamwambia mama.

"Mlimpigia nyinyi. Mimi nilimpigia mtu wa landilodi. Si ndiye alituletea mfereji?"

Nilikaa juu ya godoro. "Mathe! Enda umwambie! Saa hii! Atatuachia nyumba."

"Nikimwambia leo, uchaguzi ujao ataniuliza tena."

Nilimsihi, nikamkumbusha wateja wake wote. Akanipa sufuria nishike.

Landilodi alikuwa amesimama langoni tulipotoka na mkokoteni. "Endeni kwa huyo mtu wenu awape nyumba!"

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Mama akanitazama, nikaufunga.

"Haya, mzee, kaa salama," mama akamwambia, tukashika njia ya Kambi Muru kutafuta chumba kingine.