Jerumani Nakimbia, Sisi Hapana Kimbia

Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kambini, na simwombi mtu radhi kwa hilo. Baba yangu alikuwa askari. Tuliishi Uganda kwenye nyumba za mabati za jeshi, na lugha ya uwanja wetu ilikuwa ile ya amri: "Wewe nakuja hapa!" "Mimi hapana taka!" Raia wengi wa kwetu walikichukia Kiswahili kwa sababu walikisikia kwa mtu mwenye bunduki. Mimi nilikisikia kwa mama akiniita kula.

Nilipokuja Dubai kufanya kazi ya ulinzi nikagundua kwamba ninachokisema ni kichekesho. Chumbani kwetu Al Baraha tulikuwa sita, na Wakenya wa chumba hicho waliniita Afande kuanzia wiki ya kwanza. "Afande, hebu sema tena hiyo!" Nikisema, wanajitupa vitandani kwa kicheko. Mwenzetu mmoja, fundi wa viyoyozi kutoka Tanga, ndiye aliyenisahihisha kwa upole, ngeli kwa ngeli, mpaka leo naweza kuandika ukurasa kama huu bila wasiwasi. Namshukuru sana. Ila kile kicheko sijakisahau, na sina haraka ya kukisahau.

Zamu yangu ilikuwa ya mchana, kwenye meza ya mapokezi ya jengo moja la Jumeirah Village Circle. Ghorofa ya tisa alikaa sir mmoja Mjerumani, mhandisi mstaafu aliyekuja kuishi karibu na binti yake. Vifurushi vyake vilipitia mikononi mwangu: vikopo vidogo vya rangi, gundi, na maboksi yenye picha za vifaru vya vita. Alivitengeneza vifaru hivyo mezani kwake, vya plastiki, kila kimoja kinaenea kiganjani. Kilichomshughulisha hasa, hata hivyo, ni kitabu. Alikuwa anaandika historia ya divisheni ya vifaru ambayo baba yake aliitumikia wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kule jangwa la Libya.

Historia hiyo nilisimuliwa kwa vipande, sir akisubiri lifti au teksi. Vifaru vilishushwa bandarini vikiwa na rangi ya kijivu ya Ulaya, vikapakwa upya rangi ya mchanga. Vumbi liliingia kwenye injini zikakohoa na kufa kabla ya siku zake. Mafuta yalichelewa, maji yalichelewa zaidi. Walisonga mbele, wakarudi nyuma, wakasonga tena, na mwishowe waliosalia wakajisalimisha Tunisia. Nilimuuliza mara moja kama anaisifu serikali ile iliyowatuma. Alinitazama usoni akasema hapana, ilikuwa serikali ya wauaji, na yeye anachotaka kujua ni baba yake alipita wapi na alifanya nini. Jibu hilo nililikubali. Mimi mwenyewe ni mtoto wa askari, najua hamu hiyo.

Siku moja, Jumatano, akateremka anacheka. Kwenye sanduku la baba yake kulikuwa na daftari dogo lililoandikwa kwa penseli, kwa Kiswahili, na mfungwa Mwafrika, wa upande wa Waingereza, aliyetekwa na Wajerumani. Namna lilivyofika kwa baba yake hakuna anayejua. Sir alikuwa ameipa simu ukurasa mmoja imtafsirie, na simu ikamwambia kwamba wanyama watatu wakubwa wenye pembe puani wamelala mchangani.

Nikacheka naye. Nikamweleza kwamba kifaru ni mnyama na kifaru ni chombo cha vita, jina ni hilo hilo.

"Najua, rafiki yangu," akasema. "Mfasiri wangu ameshanieleza. Daftari lote limetafsiriwa na mtu mwenye shahada ya Kiswahili. Sura yake imekwisha. Jumatatu kitabu kinakwenda kwa mchapaji."

Kisha, kwa furaha ya mtu aliyemaliza kazi, akanisomea kipande. Kifaru kimoja kilitumbukia kwenye shimo na mchanga ukakifunika pamoja na dereva wake, kijana, ambaye ndiye baba yake. Wafungwa tisa Waafrika waliletwa wachimbe. Ndege za Waingereza zikaja kutupa mabomu. Hapo wafungwa wakatupa sepetu wakakimbia, kama mmoja wao anavyokiri mwenyewe katika daftari lake, na baba akatolewa na wenzake Wajerumani.

Babu yangu mzaa baba alikuwa katika vikosi vya Waingereza vya kuchimba, vilivyochukuliwa kutoka kwetu vikapewa sepetu badala ya bunduki. Kijijini walimwita askari wa jembe hadi anakufa. Na sasa askari wa jembe wanaingizwa kwenye kitabu, na wanaingizwa wakiwa wamekimbia.

"Sir, naomba nione hiyo sentensi."

Akanionyesha picha ya ukurasa kwenye simu. Penseli imefifia, hakuna nukta wala mkato:

*ndege nakuja jerumani nakimbia sisi hapana kimbia iko mtu ndani ya kifaru nalia*

Hayo hayakuwa maandishi kwangu, ilikuwa sauti ya uwanja wetu. Mwandishi alikuwa anasema kwa lugha yangu, ile ya kuchekwa.

Mwenye Kiswahili safi atakwama hapo hapo alipokwama yule mfasiri. Kwake yeye "nakimbia" ni mimi ninayekimbia, basi. Kwa hiyo alisoma hivi: Wajerumani hao, mimi nakimbia, sisi, hapana, kimbia! Kuna mtu ndani ya kifaru, nami ninalia. Lakini Kiswahili cha jeshi hakina anakimbia, tunakimbia, wanakimbia. Kina "na" moja ya watu wote. Mimi nakimbia, wewe nakimbia, Jerumani nakimbia. Na "hapana kimbia" maana yake ni hawakukimbia, au hatukukimbia, kutegemea umemtaja nani. Yeye kawataja wazi: sisi.

"Sir, tafsiri imegeuzwa," nikasema. "Waliokimbia ni Wajerumani. Wafungwa walibaki."

Tabasamu likamwishia. "Mfasiri wangu ana shahada. Wewe mwenyewe uliniambia Kiswahili chako ni cha kambini na wenzako wanakucheka."

Kweli nilimwambia. Mdomo wangu.

"Siwezi kubadilisha kitabu kwa neno la mlinzi," akaendelea, si kwa ukali. "Niletee mtu ambaye Kiswahili chake hakina shaka. Una mpaka Jumapili."

Akanitumia picha za kurasa zote. Alipoondoka ndipo nikaanza kuogopa. Msimamizi wetu ana msemo mmoja tu kwa walinzi: kwa mkaazi, tabasamu na yes sir. Lalamiko moja kutoka ghorofa ya tisa, na khalas, narudishwa nyumbani. Nilifikiri kuacha. Nikasoma tena ile sentensi, nikaona siwezi kuacha, kwa sababu katika mji huu wote labda ni mimi peke yangu niliyejua kwamba watu wale hawakukimbia.

Fundi wa viyoyozi ndiye aliyenipeleka mtaa wa Rashidiya, Ijumaa alasiri, kwa bibi mmoja Mzanzibari ambaye yeye fundi humtengenezea viyoyozi. Bibi huyo alisomesha Kiswahili Unguja kabla ya kuolewa Dubai, na wajukuu zake wanaozungumza Kiarabu mchana kutwa hawathubutu kuboronga Kiswahili mbele yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanikaribisha kahawa na tende, akavaa miwani. Alisoma mistari mitatu tu.

"Ala! Hichi Kiswahili gani, mwanangu? Mtu huyu kaichinja lugha bila kisu."

"Bibi, nakuomba usome hapo kwenye Jerumani."

Akasoma. "Nakimbia, ni yeye kakimbia. Mwenyewe kasema. Sasa watakani tena?"

Mtu niliyemleta anitetee amekubaliana na mfasiri, na kwa Kiswahili kizuri kuliko cha mfasiri. Nikaanza kupekua zile picha, nikatafuta chochote, na katika ukurasa wa nne nikapata mstari mfupi: *leo jua nawaka sana*.

"Bibi," nikasema, "hapa nani anawaka?"

Akainama juu ya simu. "Jua nawaka sana," akasoma polepole. Akarudia. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. "Subhanallah! Labda mwenyewe ndiye jua!"

Nikampa mwingine: *kifaru nalala ndani ya mchanga*. Na mwingine: *punda nakunywa maji yote*. Alifuta machozi, akaacha kucheka, akaurudia ule mstari wa Wajerumani kimyakimya, midomo ikicheza. Nilimwona usoni alipofika.

"Hawakukimbia," akasema.

"Hawakukimbia, bibi."

"Mimi nimesomesha watoto Kiswahili miaka na miaka, na hichi kilikuwa kinanipita." Akanirudishia simu. "Soma wewe, mimi n'takufuata."

Nikamsomea daftari lote sebuleni kwake, kwa lafudhi ya kambini, bila kuficha kitu, na mwalimu wa Unguja akawa ndiye anayeuliza maana. Sijawahi kuketi kwenye kiti nikajiona mrefu hivyo. Mwishoni aliandika barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza, akaeleza hiyo "na" ya jeshi kwa mifano ya jua na punda, akaitia sahihi.

Jumapili sir aliisoma barua hiyo amesimama mbele ya meza yangu. Aliisoma mara mbili. Kisha akaniuliza swali ambalo hata wale Wakenya wa chumbani waliniuliza, na mmoja wao alisema watu wale walikuwa wajinga kabisa.

"Kwa nini wabaki? Walinzi wamekimbia. Ndege ni za upande wao. Aliyemo ndani ni adui. Mtu yeyote angeondoka."

"Mstari unaofuata, sir."

Mfasiri alikuwa ameuandika kama fumbo lisiloeleweka. Mimi nilimsomea kwa vituo vyake, kisha nikamfasiria neno kwa neno: *mimi nauliza koplo yetu huyu adui. koplo nasema adui nalia kama mtoto, chimba.* Anayelia si mwandishi. Ni yule kijana ndani ya kifaru. Nao wakachimba, mabomu yakianguka, kwa sepetu na baadaye kwa mikono, kwa sababu sepetu ingemkata.

Sir akavuta kiti cha wageni akakaa. Watu walipita na mifuko yao ya Carrefour, lifti ikafunguka na kujifunga. Nilijisikia fahari, nasema kweli, fahari iliyonijaa kifua mpaka nikashindwa kumtazama, maana niliona pia kwamba mzee wa watu ameumia.

"Baba alisema siku zote, nilitolewa," akasema hatimaye. "Hivyo tu. Nilitolewa. Hakusema na nani. Mimi ndiye niliyeandika kwamba ni wenzake."

"Sir, bado kuna mstari mmoja."

"Usome."

*"Kijana natoka, mguu mbaya. Nauliza majina. Sisi nasema. Yeye naandika."*

Aliinua kichwa. Kwa barua ile moja tu alikuwa ameshajifunza Kiswahili chetu vya kutosha kujua pa kuuliza. "Nani anaandika?"

"Yeye, sir. Kijana."

Akaondoka akaingia kwenye lifti. Nilidhani nimevuka mpaka, nikaanza kumfikiria msimamizi na tiketi ya kurudi Entebbe. Baada ya dakika kadhaa alirudi na daftari lenyewe, limo ndani ya mfuko wa plastiki, mara yangu ya kwanza kuliona. Alilifungua mwishoni kabisa. Ndani ya jalada la nyuma palikuwa na maneno tisa, yamepangwa wima, kwa mwandiko mwingine, wa wino, ulioinama.

"Huu ni mwandiko wa baba," akasema. "Miaka kumi nayatafuta maneno haya kwenye ramani za Libya. Nilifikiri ni visima. Nimeyaandika hivyo, kwenye sura ya maji."

Nikayasoma kimya kwanza. Yalikuwa yameandikwa kwa sikio la Mjerumani, herufi zimekosewa karibu kila moja, lakini ukiyatamka tu yanajinyoosha yenyewe. Mawili yalikuwa ya upande wetu. Moja nilisoma shule na mtu aliyeitwa hivyo hivyo.

"Si visima, sir," nikamwambia. "Ni watu."

Alitoa kalamu mfukoni, akaniomba niyasome kwa sauti ili ayaandike upya kama inavyotakiwa. Nikasimama wima nyuma ya meza yangu, nikayaita moja moja kama yanavyoitwa majina kwenye gwaride la asubuhi, na baada ya kila jina nikanyamaza kidogo, kama desturi ilivyo, kumpa mwenyewe nafasi ya kuitika.