Viganja Ukutani

Fundi viatu niliyewekwa naye mahabusu ya jeshi, kwa kosa la kukatiza eneo lao la mazoezi, alikuwa na vidole gumba vigumu kama soli. Maji ya udhu tulinyimwa. Kwa hiyo kila alipotaka kushika msahafu wake alipiga viganja taratibu kwenye ukuta wa udongo, akajifuta uso, akajifuta mikono, ndipo akaufungua. Alisoma kwa sauti ya chini, kama mtu anayebembeleza mtoto. Sehemu ile ya ukuta ilishaanza kung'aa.

Asubuhi moja askari waliingia kupekua. Mmoja aliutupa msahafu sakafuni, akaukanyaga kwa buti, wenzake wakacheka. Kisha akaiona Biblia yangu, akaipiga teke hadi kwenye ndoo ya haja. Mimi nilibaki nimechuchumaa. Fundi akainuka. "Kaa chini, mzee!" askari akafoka. Hakukaa. Aliuendea ukuta, akapiga viganja, akajifuta bila haraka, akauokota msahafu, akapangusa alama ya buti kwa kanzu yake, akaubusu. Nilidhani amemaliza. Akarudi ukutani, akapiga viganja upya, akajifuta uso na mikono, ndipo akaenda kwenye ndoo.

"Fundi, hiyo ni Biblia," nikamnong'oneza.

"Najua, Chrispin," akasema, akiiopoa na kuipangusa ukurasa kwa ukurasa. Hakuna askari aliyecheka tena.

Siku hizi, nyumbani Iguguno, mke wangu Dorkas hunishangaa nikipiga viganja ukutani kabla ya kuifungua Biblia.