Medali ya Damaris Hollins

Damaris Hollins, mjane wa mfua fedha wa London, alitengeneza medali za madini ya risasi ambazo askari wa Bunge walizivaa shingoni wakienda kupigana na jeshi la mfalme wao. Upande mmoja ulikuwa na uso wa mfalme, wa pili ukionyesha Bunge limeketi, maana vita vilipoanza watu waliambiwa wanawapigania wote wawili.

Mwaka wa pili sajini akaingia karakanani. "Bibi, futa uso huo. Siku hizi ni Bunge tu."

"Mwanangu Gervase kazikwa na medali hii shingoni," alisema Damaris. "Mlimwambia anampigania mfalme na Bunge. Leo nimfanye mjinga kaburini?"

"Maneno mengi! Ukikataa, naivunja kalibu hii unayomiminia medali."

"Vunja. Mikono utaniachia."

Sajini akaipiga kalibu nyundo, akaondoka. Damaris akafagia vipande, akajifuta machozi kwa aproni, kisha akachukua jiwe laini na patasi. Kwa siku tisa alichonga kalibu nyingine, pande zote mbili kama awali. Mnunuzi wa kwanza alikuwa askari wa sajini yule yule, akaificha medali ndani ya soksi.