Udongo Safi wa Uwani kwa Mama

Wenzangu husimulia aibu zao wakacheka, mimi yangu nikiisimulia mate yananikauka, maana mpaka leo nikishuka botini pale gati la Mtangawanda hakosi mtu wa kuniuliza, kwa adabu zote za Kipate, kama safari hii nimekuja kupima na jikoni. Basi nisikilizeni mimi mwenyewe kabla hamjaelezwa na watu, na wa kucheka acheke mapema, kwa sababu huko mbele hapachekeshi.

Kazi yangu ni kupima udongo. Pahali palipokuwa na kiwanda, kabla hapajajengwa kitu kipya, kampuni yetu ya Mombasa huitwa kuangalia kama ardhi imebaki na sumu. Sasa kwetu Mbwajumali, kisiwani Pate, kulikuwa na kiwanda cha barafu, kilifungwa mimi ningali mdogo, na jenereta zake zilikuwa zikinguruma usiku na mchana na oili chafu yake ikimwagwa kwenye shimo nyuma ya ukuta. Akatokea mfadhili anataka kupageuza skuli ya sekondari ya wasichana. Skuli tunaihitaji, sikatai, wasichana wetu wakimaliza msingi ama huolewa ama hupandishwa boti wakakae kwa watu Lamu. Lakini lile shimo nalijua. Utotoni tukirusha jiwe mle lilikuwa halisemi chubwi, linamezwa tu kimya. Kwa hiyo kazi hii niliiomba mwenyewe, nikamwambia bosi nipe mimi, ni kwetu, na Rukia mtoto wa dadangu ndiye atakayekaa kwenye madawati yale. Nilitaka kitu kimoja tu: ule uchafu uzolewe kwanza, ndipo skuli ijengwe.

Nikaenda, nikatoboa ardhi ya kiwanda nikiwa na glavu na buti na koti la kung'aa juu ya buibui (mji mzima umekaa ukutani unanitazama, na mimi, Mungu anisamehe, nimefurahi kutazamwa), nikajaza chupa na kuzifunga kwa lakiri. Harufu iliyotoka chini iliniuma macho. Nikasema moyoni, hapa hapana ubishi.

Ikabaki chupa moja. Utaratibu wetu ni kwamba lazima uchukue na udongo wa mbali na kiwanda, usio na doa, ili ule wa kiwandani ulinganishwe nao, ijulikane kipi ni cha asili na kipi kimeletwa. Nilipanga kuufuata mashambani, mwendo wa kutosha tu, jua na miiba. Na mama alikuwa ameshapika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nikajiambia, Zaituni, una wazimu, utatafuta udongo safi porini na mama yako anafagia uwa wake asubuhi na jioni mpaka kuku wanaona haya kuuchafua? Nikapiga magoti nyuma ya jiko la makuti, penye mwasmini wake karibu na nguzo ambapo ardhi ni laini, nikatoboa, nikajaza, nikanawa, nikala. Mama akauliza huo mtanga naupelekea nani. Nikamwambia unakwenda Mombasa kuwaonyesha watu usafi. Akacheka sana.

Laiti ningenyamaza! Lakini mdomo wangu hauna kufuli. Nikawaambia kamati ya skuli, tena kwa sauti ya kusikika barazani, kwamba udongo wa kulinganishia nimeutoa uwani kwetu, udongo safi kuliko wote kisiwani, nao ndio utakaokiumbua kiwanda.

Majibu ya maabara yalitumwa, kwangu na kwa mfadhili, siku ambayo mimi nimo kwenye boti nakwenda kwenye mkutano wa kuyasoma. Simu ikakataa kuyafungua, mtandao ule mnaujua. Nikasema, ya nini? Majibu nimeyanusa kwa pua yangu. Nikaingia mkutanoni, uwanja wa madrasa, wanaume huku wanawake kule, nikasimama nikahutubia habari ya sumu na watoto, habari ya visima, nikawatoa akina mama machozi. Kisha nikampisha Bwana Mutua, mhandisi wa mfadhili, mtu wa bara, mpole, hana neno na mtu, aonyeshe majibu ukutani kwa ile mashine yake.

Zikatokea nguzo za rangi, kila moja urefu wake ni kiasi cha mafuta yaliyokutwa kwenye chupa. Za kiwandani zilikuwa nyekundu, ndefu kama nilivyotarajia, mpaka macho yangu yakafika kwenye ile ya kijani, ya uwani kwetu, ambayo ilizipita zote ikagonga ukingo wa picha.

Bwana Mutua alikohoa, nadhani alinionea huruma kweli, halafu akasema, "Samahani sana madam, lakini kwa vipimo vyako mwenyewe, udongo wa kiwanda ni safi kuliko wa nyumbani kwa mama yako."

Jamani, walicheka. Upande wa wanawake, walewale waliokuwa wakifuta machozi, mmoja akaitikia kwa raha zake kwamba nyani haoni kundule, na kicheko kikaanza upya.  Nikasema labda chupa zimechanganyika. Akaniuliza, lakiri si ni zako? Ni zangu. Na uliyechagua pa kuchimba si ni wewe? Ni mimi. Kila nilichojibu nilijipalia makaa.

Ndipo nikakumbuka. Wallahi sijui jambo hili nilikuwa nimeliweka wapi moyoni. Kila masika yakikaribia baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akizipaka zile nguzo za jiko oili chafu zisiliwe na mchwa, na pipa lake lilikaa palepale, linavuja, kabla mama hajapanda mwasmini. Ile harufu mimi sikuiona kuwa harufu ya sumu, kwangu ilikuwa harufu ya nyumbani. Na oili ilitoka wapi? Baba alikuwa bawabu wa kiwanda. Kilipofungwa funguo zilibaki kwake, amana, na mapipa yakatoka kidogo kidogo, moja letu, mengine ya majirani.

Basi jibu nilikuwa nalo mdomoni! Kwamba udongo wa mama haukukisafisha kiwanda, ulikuwa shahidi wake, sumu ni ileile imetembea tu. Nilihitaji kusema sentensi moja. Nikafungua kinywa, nikasema, "Hayo mafuta ya uwani kwetu yalitoka..."

Mama akainuka upande wa wanawake. Hakupaza sauti.

"Keti, mwanangu. Usimfukue babako."

Kicheko kikakatika. Nikawatazama wale watu, na kila nyumba pale nguzo zake zimepakwa mafuta yaleyale, na hapakuwa na mmoja aliyeniangalia usoni, wote wametazama mikeka. Maiti hasemwi, na marehemu baba asingesemwa na binti yake mwenyewe kuwa alikula amana, mbele ya mji, ndani ya madrasa. Nikaketi.

Baadaye bosi aliniambia nilete japo mtu mmoja atakayesema mafuta yale yalitoka kiwandani, naye bosi atapigania upimaji wa pili. Nilizunguka mji. Kila nyumba walinikaribisha kahawa na halua, wakaniuliza hali ya Mombasa, wakaniambia hawajui. Niliwachukia, nawaambieni kweli, nao walikuwa wakinisitiri.

Mradi ukapita. Na kwa kuwa uwa wa mama ndio ulioonekana mchafu, mfadhili kwa nia njema akaagiza ule ndio usafishwe. Mwasmini uking'olewa mama yu dirishani. Udongo ukazolewa ukapakiwa kwenye punda, na ukaenda kumwagwa wapi? Kwenye shimo la kiwanda, kulijaza, kisha juu yake ikamwagwa zege. Ndiyo sakafu ya darasa la kidato cha kwanza.

Rukia anasoma pale sasa. Ni skuli nzuri, ina rangi ya bahari na madirisha makubwa, ambayo adhuhuri huachwa wazi kwa sababu vichwa vinawauma wasichana. Likizo yangu iliyopita nilikuwa kwa mama, Rukia akarudi kutoka skuli, akavua viatu ukumbini, na mama akaviokota avitoe nje, akasimama navyo mkononi, akavinusa.

"Harufu ya babako hii," akaniambia.

Akaviweka chini taratibu, akaenda kuswali.

Mimi nimeapa mambo mawili. Sitachimba tena pahali ninapopapenda, nitatembea kwenye miiba mpaka buti zitoboke. Na siku nyingine nikiambiwa keti, siketi, hata akiniambia aliyenizaa. (Nasema hivi kwa kuwa mama yuko mbali.)