Pamba Chini ya Bati

Siku yangu ya kwanza kazini, Foreman Wasonga hakuniuliza hata jina. Alinitupia donge la pamba na patasi butu, akasema, "Wewe ni wa mishono. Ukiona mwanga kati ya mbao mbili, hujafanya kazi."

Ninyi vijana mnanunua boti za faiba, kwa hivyo nawaeleza. Boti ya mbao huungwa kwa misumari, ubao kwa ubao. Kwenye mshono unasindilia pamba mpaka ikatae kuingia. Juu yake unapiga mkanda mwembamba wa bati. Bati ni la kulinda tu, kinachozuia maji ni pamba. Lakini mkanda ukishapigwa, hakuna anayejua kilichoko chini, na hapo ndipo wezi hujificha.

Nilifundishwa Kisumu, halafu mwenye karakana, Bwana Oluoch, akatuhamishia ufuoni upande wa Bondo. Huko kazi ikaharibika. Oluoch alitaka boti zitoke haraka haraka. Siku moja nilirudi kutoka mazishi nikakuta Wasonga amemaliza boti bila mimi, mikanda yote imepigwa.

"Foreman, pamba iko?"

"Iko, bwana. Sikieni injinia wa darasa la tano ananikagua!" Watu wakacheka.

Mimi na ndugu yangu Owino ndio tuliotumwa kuipeleka kwa mteja. Ilifunguka katikati ya maji. Mimi nilishika kasia. Owino hakupata cha kushika. Boti ilipovutwa ufuoni, nilibandua bati mwenyewe: hata uzi mmoja wa pamba haukuwepo. Kwenye matanga Wasonga alisimama akasema ni wimbi. Oluoch alileta sukari, akaondoka kabla ya maombi. Nayaandika majina yao kwa sababu hakuna mwingine aliyeyaandika.

Niliacha kazi, nikarudi nyumbani Kaloleni, pale Kisumu. Sikushika nyundo tena mpaka binti yangu Achieng, muuguzi, mtu mzima na mji wake, aliponiambia, "Baba, nifundishe boti. Si ya kuuza. Ya kujifurahisha tu." Tukaanza moja ndogo nyuma ya nyumba. Jumamosi zake zote alizileta hapo.

"Foreman wangu, leo kuna chai ama ni matusi tu?" alikuwa akinitania. Nilicheka, mimi ambaye kucheka nilikuwa nimesahau.

Halafu Jumapili moja nilitoka kanisani nikamkuta amepiga mikanda yote peke yake, anishangaze. Anatabasamu, jasho linamtoka. Nilichukua koleo nikaanza kung'oa bati.

"Baba, unafanya nini?"

"Sikuona pamba ikiingia."

"Si nakuambia iko?"

"Hata Wasonga aliniambia iko."

Kila mshono ulikuwa na pamba, imeshikana kama jiwe. Achieng alitazama mpaka mkanda wa mwisho. "Kwa hivyo mimi ni Wasonga," alisema. Akavua glavu, akaziacha juu ya ubao.

Siku hizi akija, anapita moja kwa moja jikoni kwa mama yake. Wengine wamestaafu na pensheni. Mimi nimebaki na boti isiyo na bati.

Wiki jana niliijaza maji hapo uani, vile tulivyokuwa tukijaribu boti zamani. Haikutoa hata tone. Nikaita, "Achieng, nyara, binti yangu, njoo uone!"

Alijibu kutoka jikoni, kwa upole kabisa, "Mimi nilijua, Baba." Kisu kikaendelea kumenya viazi.